Mabati Yasiyo na Kazi

Kombi ya kwanza, lile basi dogo la Volkswagen, sikuinunua, na hadi leo nashukuru.

Ilikuwa ya vijana wawili wa Kizungu walioteremka nayo kutoka Ulaya hadi Jinja, wakapiga kambi upande wa Bujagali. Paa lake lilikuwa la kuinuka, ndani kuna vitanda viwili, jiko, sinki ndogo na mapazia ya drafti. Walikuwa wamechoka na barabara na walitaka kurudi kwao kwa ndege, kwa hiyo bei waliyoitaja ilikuwa ya kutupa. Nilikaa humo ndani nikanywa chai yao, nikajiona tayari niko Bunyonyi na familia, ziwa mbele, mlango umefunguliwa.

Bahati yangu, shemeji yangu ni wakala wa forodha kule mpakani Malaba. Nilipompigia kumwomba anisaidie makaratasi, alicheka kwanza, kisha akauliza, "Imeingia kwa hati gani?" Nikamwambia wana kijitabu kinachogongwa mhuri kila mpaka.

"Basi hicho ni kibali cha muda, shemeji. Gari hilo ni mgeni kama wao. Likiuzwa hapa bila kulipiwa ushuru, umenunua magendo. Na kulipia huwezi, maana tangu 2018 sheria imefunga mlango kwa magari yaliyofikisha miaka 15. Hilo lako la mwaka gani?"

La 1978.

Kwa hiyo, kama na wewe unaota Kombi ya kulala ndani huku Uganda, anza na hilo. Usiagize kutoka nje wala usinunue kwa msafiri, hata akikupa kwa bei ya baiskeli. Tafuta iliyo hapa hapa tangu zamani, yenye namba za Uganda na logibuku, yaani daftari la umiliki, ya Uganda. Zipo. Ziko nyuma ya nyumba za watu, kuku wametaga ndani.

Yangu niliikuta Tororo, chini ya mwembe, na kuku kweli walikuwemo. Volkswagen Kombi ya 1975, injini ya 1600 iliyokaa nyuma, ile inayopozwa kwa hewa. Ilikuwa ya daktari mstaafu aliyekwisha kufariki. Aliyeniuzia ni mwanawe wa kiume. Tukaelewana shilingi milioni 8, tukaandikiana kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1, mashahidi wakatia saini, nikalipa zote siku ile ile. Logibuku nikapewa mkononi, jina la marehemu limeandikwa wazi juu yake, na mimi nikaona ndiyo basi, gari ni langu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, ila lilikuwa la maiti. Marehemu hawezi kusaini hati ya kuhamisha umiliki, na mwanawe hakuwa na barua za usimamizi wa mirathi. Bila barua hizo hakuwa na haki ya kuniuzia hata tairi moja. Kumbe kulikuwa na dada wawili, na mmoja wao aliyeolewa Mbarara alikuwa hajaambiwa kwamba gari la baba linauzwa. Aliposikia, alisema hapana, na alikuwa na haki ya kusema hapana. Ilinichukua miezi 9, safari 2 za Mbarara, wakili, na shilingi milioni 1 na laki 3 nje ya bei ya gari, mpaka familia ikakaa pamoja, maombi yakapelekwa mahakamani na jina likabadilishwa. Muda wote huo gari lilikuwa uani kwangu na sikuthubutu kulitia barabarani.

Yule dada, nilipofika kwake mara ya pili, alinipikia. Akaniambia, "Kaka yangu, shida si hela. Shida ni kwamba humo ndani baba alitupeleka shule." Sikuwa na la kujibu. Nilimwahidi siku moja nitampitia nalo, na ahadi hiyo niliitimiza, japo baada ya miaka miwili.

Sasa nikiulizwa husema: lipa kidogo cha kushikilia, na kilichobaki kilipwe jina likishabadilika. Kama mwenye gari amefariki, omba kuona barua za usimamizi kabla ya kuona injini. Muuzaji akikasirika kwa sababu umeuliza, nenda zako.

*

Nilipolikagua gari kwa mara ya kwanza nilifanya wanavyofanya wanaume wengi: nilifungua mlango wa nyuma nikaitazama injini kwa macho ya mjuzi, nikapiga teke tairi, nikasema "hm". Injini ndiyo sehemu ambayo ningeweza kuiacha mwisho. Injini ya Kombi hii inashushwa chini na watu wawili wenye jeki kabla ya chakula cha mchana, na kila kitu ndani yake kinaweza kununuliwa. Bodi iliyoliwa na kutu hainunuliki, kwa sababu gari hili halina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo uti wa mgongo.

Fundi bodi wangu hapa Jinja aliinua kapeti ya mbele, akachukua bisibisi, akaisukuma sakafuni karibu na miguu ya dereva. Hakuisukuma kwa nguvu. Bisibisi ikapita kama inaingia kwenye andazi, na kupitia tundu lile niliona majani. Alizunguka na bisibisi yake hivyo hivyo: chini ya betri, kwenye vizingiti vya milango, mahali pa kuwekea jeki, pembe za chini za kioo cha mbele. Kwenye kizingiti cha kushoto puti, ule udongo wa kuzibia matundu kabla ya rangi, ilibanduka kipande kizima, na nyuma yake tukatoa gunia la sukari lililokunjwa vizuri na kujazwa humo na mtu aliyetaka kuuza gari zamani. Maandishi yalikuwa bado yanasomeka.

Nenda na sumaku. Hilo ndilo ushauri wangu wote kuhusu bodi. Sumaku ya spika iliyokufa inatosha. Ipitishe kwenye vizingiti na pembe zote, na pale isiposhika ujue kuna puti au gunia.

Kuchomelea kulinigharimu shilingi milioni 3 na laki 8, na hapo kuna laki 7 za ujinga wetu wawili. Tulikata kizingiti kilichooza upande wa mlango wa kuteleza bila kwanza kuufunga mwili wa gari kwa vyuma vya muda. Tulipokata, gari likalegea katikati, kidogo tu, huwezi kuona kwa macho. Bati jipya likachomelewa likiwa limelegea vivyo hivyo. Jioni tukavuta mlango, ukagoma sentimita mbili kabla ya kufunga. Ikabidi tukate upya, tuinue kwa jeki chini ya kiuno, tuufunge mlango kwanza, ndipo tuchomelee. Fundi wako hata awe hodari vipi, mwambie aweke nguzo za chuma kati ya nguzo za milango kabla ya kukata, na akate upande mmoja kwa wakati. Betri iondolewe kabisa, siyo kuchomoa waya tu. Na tangi la petroli lishushwe likae mbali, maana liko nyuma karibu na injini na cheche haziulizi.

Rangi nilichagua mwenyewe: nyeupe juu, buluu chini. Ilipendeza sana. Wiki ya kwanza niligundua kwamba nimejipaka taksi. Huku taksi za abiria ni nyeupe zenye mkanda wa miraba ya buluu, na Kombi kwa mbali haina tofauti kubwa na ndugu zake. Pale Iganga mama mmoja mwenye mikungu miwili ya matoke alifungua mlango nikiwa nimesimama kwenye foleni, akapakia, akaketi, akataja anakoshukia: "Nakalama." Nilimpeleka. Lakini askari wa barabarani walinisimamisha mara nyingi mno kuniuliza leseni ya kubeba abiria, na mwishowe buluu nikaibadilisha kuwa kijani.

*

Kuhusu injini, kosa nililifanya kwa shilingi 3,000.

Fundi wa kwanza niliyempa injini ni mtu ninayemheshimu hadi leo. Toyota anaifungua akiwa amefumba macho. Aliishusha injini, akabadilisha gasketi, akasafisha kabureta, akaweka plagi na pointi mpya, akairudisha. Ikawaka kwa mara ya kwanza, sauti ile ya cherehani. Chini kukabaki vipande vitatu vya bati vyeusi vilivyojikunja kunja, na mkanda wa mpira uliokauka.

"Na haya?" nikauliza.

"Haya hayana kazi, bosi. Ni mabati ya kufunika tu. Bora yatoke, injini ipate hewa."

Maneno hayo yaliniingia akilini. Injini inapozwa kwa hewa, basi ipewe hewa nyingi, kuna shida gani? Alipopita kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake nikampa, akanipa shilingi 3,000. Nikanunua soda mbili, yangu na ya fundi, chenji ikabaki.

Kwa miezi minne gari lilienda vizuri. Jinja ni tambarare kiasi, na safari zangu zilikuwa fupi. Desemba, shule zilipofungwa, tukapanga kwenda maporomoko ya Sipi: mimi, mke wangu, binti na mdogo wake. Tulipita Iganga, tukashika barabara ya Tirinyi, Mbale tukala mchana, tukaendelea Sironko hadi Muyembe ambapo barabara inageuka kuupanda mlima. Mbale iko kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, Sipi inakaribia 1,800, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaipanda kwa mkupuo mmoja wa kona.

Nilipanda kwa gia ya tatu, mguu umekanyaga mafuta hadi chini, nikijisifu kwamba inavuta. Baada ya kona ya tatu hivi nikasikia mlio kama mtu anatikisa kokoto ndani ya mkebe. Kisha ikaja harufu ya rangi inayoungua. Mke wangu akasema, "Kuna kitu kinaungua." Nikamwambia ni breki za lori lililotutangulia. Kona iliyofuata nguvu zikaisha kabisa, nikasogea pembeni, na injini ilipokuwa ikinguruma polepole taa nyekundu ya oili ikaanza kukonyeza.

Watu wa Sipi ni wema. Dakika tano hazijapita, vijana walikuwa wameleta jerikani mbili za maji. Nikawaambia gari hili halina rejeta. Hawakuamini. Mmoja alizunguka mbele akatafuta boneti, akaikosa, akarudi nyuma, akachungulia, akauliza kwa huruma ni nani aliyeniibia rejeta. Mwingine aliinua jerikani aimwagie injini yenyewe, na hapo ndipo nilipopiga kelele, maana chuma cha moto namna ile kikimwagiwa maji baridi kinapasuka. Tulikaa pale saa mbili. Watoto walikula gonja, ndizi za kuchoma, mimi nilikaa juu ya jiwe nikiitazama Kombi.

Hatukufika kwenye maporomoko. Tuliteremka kwa gia ya pili hadi Mbale, injini ikitembea kwa miguu mitatu.

*

Tuliulizia fundi wa Volkswagen, tukaelekezwa kwa mzee mmoja anayefanyia kazi nyumbani kwake, pembezoni mwa mji. Kiswahili chake ni cha Nairobi ya zamani, alifanya kazi huko ujanani kwenye gereji zilizokuwa zikitunza Kombi za watalii. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda akichambua kunde. Alikuja, akafungua mlango wa nyuma, hakugusa kitu. Akauliza tu:

"Mwanangu, mabati yake yako wapi?"

Nikamweleza, na nikataja ile shilingi 3,000. Hakucheka. Aliniita niiname naye, akaonyesha kwa kidole chake kilichokunjamana.

"Hapa juu ni chumba cha baridi. Feni inavuta hewa ya humu, inaisukuma kwenye silinda, inatoka chini ikiwa moto. Chini kuna ekzosi, nayo moto. Yale mabati na ule mpira ndiyo dari kati ya juu na chini. Wewe umeondoa dari. Feni yako inavuta moto ule ule iliokwisha kuutoa, inaurudisha. Umekuwa ukiipikia injini kwa mvuke wake mwenyewe."

Alifungua. Valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu ilikuwa imeungua ukingoni, imemeguka kipande kama ukucha. Akaniambia si ajabu kwamba ni ya tatu. Katika injini hizi ndiyo yenye sifa ya kuungua kwanza, kwa sababu kwenye zile za zamani kipozeo cha oili kilikaa mbele yake na kuizibia hewa.

Gari lilibaki Mbale wiki tano. Mabati yale niliyoyauza shilingi 3,000 niliyanunua tena kwa laki 6 na elfu 40, pamoja na mpira wake. Hedi iliyofanyiwa kazi, valvu, gasketi na mkono wa mzee vilifika milioni 1 na laki 9. Vipuri vilitoka Nairobi, barabara ya Kirinyaga, vikapakiwa kwenye basi la usiku. Ukienda kutafuta, usiulize vya Kombi peke yake. Uliza vya Beetle. Injini ya 1600 ya Kombi hizi ni ukoo mmoja na ya Beetle, na Beetle ziliendelea kuundwa Mexico hadi 2003. Brazil nao waliunda Kombi hadi 2013, ingawa miaka ya mwisho walikuwa wamehamia injini ya maji. Ndiyo maana vipuri vipya bado vinapatikana vya gari lenye umri wa kunizidi mimi. Soko la Kisekka pale Kampala nilipata vitu vidogo: plagi, mipira ya petroli, balbu, mkanda wa feni. Vikubwa, hapana.

Wiki zile tano nilikuwa naenda Mbale kila Jumamosi kwa taksi, na mzee alikuwa hanipi kiti. Alikuwa ananipa spana.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni taa nyekundu ya chaji. Kwenye Toyota taa hiyo ikiwaka unasema betri haichaji, nitafika nyumbani kwanza. Kwenye injini hii feni na altaneta ziko kwenye shafti moja na zinazungushwa na mkanda mmoja. Taa ya chaji ikiwaka, huenda mkanda umekatika, na kama umekatika hakuna hewa inayopita kwenye silinda. Zima pale pale ulipo, hata kama ni katikati ya mzunguko wa barabara. Sasa nabeba mikanda miwili ya akiba, na spana ya kuibadilisha inakaa mlangoni, siyo chini ya godoro.

Cha pili ni kupanda mlima. Kasi ya feni inafuata mizunguko ya injini. Nikipanda kwa gia kubwa huku injini inahema polepole, ninaomba nguvu nyingi na ninatoa hewa kidogo. Teremsha gia mapema, iache ilie. Lile gari lina nguvu ya farasi 50 tu, na mwendo wake mlimani ni wa lori la mkaa. Kubali. Malori ya mkaa nayo hufika.

Oili ni lita 2 na nusu tu, na haina filta ya karatasi, ina chujio la waya la kufungua na kuosha. Kwa hiyo namwaga kila kilomita 5,000 bila kukosa, na nikienda Karamoja kwenye vumbi namwaga mapema zaidi. Mipira ya petroli nabadilisha kila mwaka hata kama inaonekana mizima. Hilo sikufundishwa na mzee, nilifundishwa na pua yangu usiku mmoja pale Lukaya, niliposimama kununua kuku wa kuchoma nikanusa petroli, nikakuta mpira wa kabureta umepasuka na unadondosha juu ya injini ya moto, hatua kumi kutoka kwenye majiko ya mkaa ya wauza nyama. Mikono ilinitetemeka hadi Masaka. Kizimamoto changu kinakaa nyuma ya kiti cha dereva, kwa sababu moto wa Kombi huanzia nyuma na hutaweza kukifikia ukikiweka huko huko.

Na valvu. Kila kilomita 5,000, asubuhi kabla injini haijawashwa, iwe baridi kabisa. Pengo ni milimita 0.15 kwa zote nane. Mzee alinipa ile filageji, kibati chembamba cha kupimia pengo, akaniambia niisikilize kwa vidole: isipite kavu kama upepo, isikwame, ivutike kama unavyovuta noti iliyobanwa kitabuni. Mara ya kwanza nilichukua saa tatu. Sasa ni dakika arobaini na chai ndani yake.

*

Ukarabati wa ndani naupita haraka maana aibu yake ni moja. Seremala wangu alinishauri mvule. Makabati ya mvule, kitanda cha mvule, hata kishubaka cha vijiko cha mvule. Kazi ilikuwa nzuri mno, watu walikuja kuishika. Tulipoweka yote, mtungi wa maji na sisi wanne, gari lilikaa kama kuku anayetamia na kilima cha kutoka daraja la Nile kilitushinda kwa gia ya tatu. Nikatoa yote. Meza ya mvule iko sebuleni kwangu, ndani ya Kombi kuna plaiwudi ya milimita 9 na godoro la kukunja. Mtungi wa gesi ni wa kilo 6, unafungwa kwa mkanda, na hatupiki madirisha yakiwa yamefungwa wala hatulali jiko likiwaka. Kila dirisha lina chandarua cha velkro aliyoshona mke wangu, na kwa nchi hii chandarua hicho kina thamani kuliko sinki, jiko na redio kwa pamoja.

Hesabu yote, tangu mwembe wa Tororo hadi safari ya kwanza iliyokamilika, ni kama shilingi milioni 19. Kwa hela hiyo ningepata Toyota Noah iliyotumika na isingenisumbua. Mke wangu alilisema hilo mara moja tu, usiku wa Sipi, kisha hakulirudia. Aliporudia kicheko chake ilikuwa Ziwa Mburo, kwenye kambi iliyo ukingoni mwa maji. Mwendo wa mbugani hauruhusiwi kuzidi kilomita 40 kwa saa, na kwa mara ya kwanza Kombi yetu haikuwa inamchelewesha mtu. Usiku viboko hutoka majini kula nyasi mpaka katikati ya magari. Mmoja alisimama karibu nasi kiasi kwamba tulisikia nyasi zikikatika mdomoni mwake, kwa mkupuo, kama mtu anachana kitambaa. Watoto hawakupumua. Halafu alijikuna kwenye bampa, gari zima likayumba taratibu, na mke wangu akaziba mdomo kwa mto asicheke kwa sauti.

Ukilala kule, usishuke usiku kwa haja yoyote ile. Beba ndoo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa chini ya gari na filageji, binti yangu ameshika tochi. Ana miaka 11 sasa na hapendi kushika tochi tu, anataka kupima. Nikampa. Ya kwanza akavuta, sawa. Ya pili sawa. Akafika ya tatu, ya kutolea moshi.

"Baba, hii haiingii kabisa."

Nikapima mwenyewe. Haikuingia. Pengo lilikuwa limejifunga. Nikampigia mzee Mbale, naye hakuuliza habari za nyumbani kwanza kama kawaida yake.

"Ya tatu?"

"Ya tatu, mzee."

"Rekebisha, tembea kilomita 500, pima tena. Ikijifunga tena, valvu inavutika shingo, itakatika na kuangukia pistoni. Usisubiri. Niletee taratibu, usiku, wakati wa baridi."

Binti aliandika kwenye daftari letu tarehe, kilomita, na namba 3 ameizungushia duara. Tumetembea kilomita 210 mpaka sasa.